Moshi wa Asubuhi: Usomeni Kabla ya Kufungua Injini



Tuchukue mfano wa kikundi kimoja cha kujisaidia hapa kwetu kando ya Tana, si mbali na Garsen. Wanachama wameweka akiba kidogo kidogo, pesa ya maembe, ya ndizi na ya mpunga, mpaka wakanunua pikapu ya dizeli iliyotumika. Mchana gari hilo linabeba mazao hadi Minjila, na siku nyingine linafika Malindi. Usiku linabeba wagonjwa, na kina mama walioshikwa na uchungu.

Sasa, kwa wiki tatu mfululizo, dereva akiwasha gari asubuhi linakohoa, linatetemeka, na nyuma linatoa moshi mweupe mzito mpaka kuku wanakimbia uani. Baada ya dakika mbili tatu moshi unaisha, na gari linakwenda kama kawaida.

Fundi anaitwa. Anasimama, anatazama, anatikisa kichwa.

"Mwenyekiti, hapa injini imekwisha. Lazima tuifungue yote. Pistoni, ringi, vali, kila kitu."

"Ni pesa ngapi, mwanangu?" mwenyekiti anauliza.

Fundi anataja hesabu. Ni akiba yote ya kikundi, na bado itabidi wauze mbuzi.

Mama mweka hazina ananyanyua mkono. "Samahani, bwana fundi. Kama injini imekwisha, mbona ikishapata joto inakwenda vizuri?"

"Mama, hayo ni mambo ya ufundi," fundi anajibu.

Ndugu zetu, swali la mama huyo ndilo lenyewe hasa. Huenda fundi anasema kweli, na huenda anakosea. Lakini kabla kikundi hakijauza hata mbuzi mmoja, kuna mambo ambayo mnaweza kuyaangalia wenyewe, kwa macho, kwa pua, kwa karatasi na kwa balbu moja ya gari. Moshi una lugha yake. Makala hii inawafundisha kuisoma.

DIZELI INAWAKAJE?

Injini ya petroli ina plagi zinazotoa cheche. Injini ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mara ya kwanza mwaka 1897, alitumia njia nyingine. Hewa inaingia ndani ya silinda, kisha pistoni inapanda na kuibana sana, karibu mara 16 hadi 22. Mtu aliyewahi kujaza baiskeli upepo anajua kwamba pampu inapata moto mkononi. Ndivyo ilivyo na hapa, ila kwa nguvu nyingi zaidi. Hewa iliyobanwa hivyo inaweza kupita nyuzi 500 za joto. Hapo nozeli inapuliza dizeli kama ukungu, na dizeli inawaka yenyewe.

Kwa hiyo injini ya dizeli inataka vitu vitatu: hewa ya kutosha iliyobanwa vizuri, joto, na dizeli safi inayopulizwa kwa wakati wake. Kimoja kikipungua, moshi unatoka.

Asubuhi injini imelala usiku kucha, chuma ni baridi, na kinanyonya joto la ile hewa iliyobanwa. Ndiyo maana magari mengi ya dizeli yana plagi za kupasha joto, ambazo mafundi wanaziita hita plagi. Ni vijiti vidogo vya chuma, kimoja kwa kila silinda, vinavyopata moto kwa umeme wa betri kabla ya kuwasha. Mkifungua ufunguo nusu mnaona taa ndogo yenye alama kama waya uliojikunja. Ikizimika, plagi ziko tayari. Dereva asiyengoja taa hiyo anajitafutia moshi mwenyewe.

BARIDI YA GARSEN SI BARIDI YA LIMURU

Watu wengi wanasema, "Ah, hiyo ni baridi tu ya asubuhi." Tuwe waangalifu hapo. Huko Limuru mwezi wa Julai, alfajiri inaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Gari zima kabisa linaweza kutoa moshi mweupe kidogo na mtu asishangae. Lakini hapa Garsen, hata mwezi huo huo wa Julai, alfajiri kwa kawaida iko karibu na nyuzi 20. Kwa injini ya dizeli hiyo si baridi ya kutisha.

Kwa hiyo, pumzi moja ya moshi wakati wa kuwasha, ikapotea mara moja, si neno. Lakini gari linalotoa moshi mzito kwa dakika mbili au tatu katika joto letu hili lina jambo linalotaka kusema. Msilisingizie hali ya hewa.

MOSHI WA AINA TATU

Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Kwa dizeli methali hii inahitaji nyongeza kidogo, maana kuna moshi unaotoka kwa sababu moto haukutosha.

1. Moshi mweupe

Huu ndio unaowasumbua wengi asubuhi. Lakini kuna mweupe wa dizeli na kuna mweupe wa maji, na tofauti yake ni kubwa.

Mweupe wa dizeli unanuka dizeli mbichi na kuwasha macho. Ni dizeli iliyopulizwa ndani ya silinda, haikuungua, ikatoka nje kama ukungu. Maana yake joto halikutosha, au dizeli imeingia vibaya.

Mweupe wa maji ni mvuke. Haunuki dizeli. Mvuke kidogo asubuhi yenye unyevu ni kawaida, unatoka kwenye bomba lenyewe na kukauka. Lakini mvuke ukiendelea hata injini ikishapata joto, na maji ya rejeta yanapungua kila siku bila kuvuja chini, hapo kuna hatari. Huenda gasketi ya hedi imeungua au hedi imepasuka, na maji yanaingia ndani ya silinda. Chomoeni kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, msiliwashe tena gari hilo. Liiteni fundi hapo hapo lilipo.

2. Moshi mweusi

Huu ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo. Pumzi moja nyeusi wakati wa kuwasha au kukanyaga mafuta kwa nguvu ni jambo la kawaida kwa magari mengi ya zamani. Moshi mweusi usiokwisha si kawaida. Hapa kwetu mshukiwa wa kwanza ni vumbi. Barabara zetu za udongo zinajaza filta ya hewa haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Baada ya filta ndipo mfikirie nozeli zilizochakaa au pampu ya dizeli iliyofunguliwa kupita kiasi. Wako madereva wanaomwambia fundi "ongeza kidogo" ili gari lipate nguvu. Nguvu inakuja kidogo, na mafuta na moshi vinaongezeka sana.

3. Moshi wa buluu

Huu ni oili inayoungua. Una harufu nzito, kama sufuria ya mafuta iliyosahauliwa jikoni. Ukitoka asubuhi tu, pumzi moja kubwa, kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za vali: usiku oili inateremka polepole mpaka ndani ya silinda, na asubuhi inaungua. Mnaweza kuishi na hali hiyo kwa muda mkipima oili kila siku. Ukiendelea mchana kutwa, na ukazidi gari likipanda mzigo, basi ringi na silinda zimelika, au taabo inavuja kama gari linayo. Lakini kwanza pimeni oili. Huenda mtu alijaza kupita alama ya juu, na oili ya ziada ndiyo inayoungua.

UCHUNGUZI WA ASUBUHI MOJA

Fanyeni kazi hii watu wawili au watatu, gari likiwa limelala usiku kucha. Likishapashwa joto mtakuwa mmechelewa mpaka kesho. Gari liwe nje mahali pa wazi, breki ya mkono imefungwa na gia imetolewa.

Kwanza, kabla ya kuwasha. Pimeni oili. Fungueni rejeta ikiwa baridi na mtazame maji. Msifungue kamwe rejeta yenye moto, inaweza kuwaunguza uso mzima.

Pili, sikilizeni stata. Stata ikizunguka polepole na kwa kuchoka, hewa haibanwi upesi, joto linapotea, na moshi mweupe unatoka hata kama injini ni nzima. Safisheni vichwa vya betri na kazeni nyaya zake, pamoja na ule waya unaoshika bodi. Ni mara nyingi gari limehukumiwa kufa kwa kosa la betri.

Tatu, karatasi nyeupe. Gari likishawaka, mtu mmoja ashike karatasi nyeupe au kipande cha boksi kama shubiri moja nyuma ya bomba la moshi, kwa muda mfupi, akisimama upande asivute moshi. Kisha tazameni. Alama ikikauka na kuacha karatasi safi, hayo ni maji. Ikiacha doa la mafuta lenye harufu ya dizeli, hiyo ni dizeli isiyoungua. Ikiacha doa zito la rangi ya kahawa, hiyo ni oili.

Nne, matone ya maji. Jaribio hili ni kwa injini inayotetemeka kama imekosa mguu mmoja. Kwenye hedi kunatoka matawi ya chuma yanayopeleka moshi kwenye bomba, tawi moja kwa kila silinda. Katika dakika ya kwanza tu baada ya kuwasha, chovyeni vidole kwenye maji na kurushia tone moja moja kwenye kila tawi. Tawi ambalo tone linakauka upesi, silinda yake inawaka. Tawi ambalo tone linakaa tu, silinda yake imelala. Ni matone ya vidole, wala si kikombe. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji kinaweza kupasuka. Na angalieni nguo na leso zisishikwe na mikanda.

Tano, saa. Hesabuni kwa saa ya mkononi: moshi umekaa sekunde ngapi au dakika ngapi? Umeisha wenyewe au umeendelea?

KAMA NI MWEUPE WA DIZELI, ANZENI NA VYA BEI NDOGO

Hapa ndipo pesa ya kikundi inapookolewa au kupotea. Sababu za moshi huu ni nyingi, lakini fuateni mpango: anzeni na kile cha bei ndogo, mwende mkipanda.

Betri na stata. Tumeshasema.

Hita plagi. Chukueni balbu ya gari ya volti 12 na nyaya mbili. Ufunguo ukiwa kwenye nafasi ya kupasha joto, waya mmoja ushike chuma cha injini, wa pili uguse ule ukanda wa chuma unaounganisha plagi zote. Balbu ikiwaka, umeme unafika. Isipowaka, tatizo ni fyuzi, waya au rilei, na plagi zenyewe huenda ni nzima. Kisha fungeni ufunguo, toeni ule ukanda, waya mmoja muushike kwenye chanya ya betri, na wa pili mguse kichwa cha kila plagi. Inayowasha balbu, waya wake wa ndani haujakatika. Isiyowasha imekufa. Vueni saa na pete za chuma kabla ya kazi hii, na msiunganishe plagi moja kwa moja na betri bila balbu. Kwenye magari mapya baadhi ya plagi ni za volti ndogo na zitaungua.

Dizeli chafu. Fungueni ile skrubu iliyo chini ya filta ya dizeli na mkinge kwenye chupa ya wazi. Acheni itulie. Maji yanakaa chini, dizeli inaelea juu. Hili ni tatizo letu hasa, kwa kuwa wengi wetu tunanunua dizeli kwenye madumu, na baada ya mafuriko maji yanaingia kila mahali. Dumu likifika nyumbani lilazeni usiku mzima bila kulitikisa, msichote ya chini kabisa, na mchuje kwa kitambaa safi kilichofumwa vizuri. Jihadharini pia na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu ya mchezo huu huu wa kuchanganya. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi pampu ya dizeli kama inavyotakiwa, na pampu hiyo ni ghali kuliko madumu mengi ya "dizeli rahisi."

Hewa kwenye mirija. Gari likiwaka, likazima, likawaka tena, huenda usiku dizeli inarudi kwenye tangi na hewa inaingia. Kesho yake kabla ya kuwasha, bonyezeni ile pampu ndogo ya mkono iliyo karibu na filta mpaka iwe ngumu. Likiwaka vizuri zaidi siku hiyo, mmempata mwizi. Tafuteni mpira uliopasuka au kiungo chenye unyevu wa dizeli.

Nozeli na majira ya pampu. Hapa sasa ni kazi ya fundi mwenye vyombo. Nozeli inayodondosha badala ya kupuliza ukungu inatoa moshi mweupe na kugonga kama nyundo asubuhi. Inapimwa kwa mashine yake, haipimwi kwa maneno. Msifungue mirija ya nozeli injini ikiwaka. Dizeli inayotoka hapo inaweza kutoboa ngozi ya mkono na kuingia mwilini, na kwa magari mapya presha hiyo ni kubwa mno. Mtu akichomwa hivyo akimbizwe hospitali hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano.

Kubanwa kwa hewa. Hiki ndicho cha mwisho, na ndicho kinachodai injini ifunguliwe. Ringi, silinda au vali zikilika, hewa inavuja na joto linapotea. Lakini hata hapa kuna kipimo. Kinaitwa kipimo cha kompresheni, na fundi anafunga saa yake kwenye kila silinda, moja baada ya nyingine, kisha anaandika namba. Silinda zikikaribiana na ziko juu ya kiwango cha kitabu cha gari, hakuna sababu ya kufungua injini kwa ajili ya ringi. Kikundi kiseme wazi: bila namba hizo, hatufungui.

DAFTARI LA MOSHI

Tunawashauri kila kikundi chenye gari, pampu au mashine ya kusaga kiwe na daftari dogo. Kwa siku saba dereva aandike kila asubuhi:

– tarehe na saa ya kuwasha
– stata ilizunguka kwa nguvu au polepole
– iliwaka mara ya ngapi
– rangi ya moshi na harufu yake
– moshi ulikaa muda gani
– maji na oili viko wapi
– dizeli ilinunuliwa lini na wapi

Siku saba zikiisha someni kwa pamoja kwenye mkutano. Mtashangaa jinsi daftari linavyosema. Mkiona moshi ulianza siku ile ile mliponunua dumu fulani la dizeli, mmeshapata jibu. Mkiona maji yanapungua kila siku, mjue msichelewe. Na fundi akiletewa daftari kama hilo, hata yeye anafanya kazi kwa heshima zaidi. Fundi mzuri analipenda, kwa kuwa linampunguzia kubahatisha.

MAMBO YA KUACHA KABISA

Tumezoea kuona watu wakilazimisha injini kuwaka. Wengine wanawasha moto wa kuni chini ya injini. Wengine wanachoma kitambaa na kukiweka kwenye mdomo wa hewa, au wanamwaga petroli humo. Hii ni njia ya kuunguza gari na mtu. Hata ile dawa ya kupuliza inayouzwa madukani kwa kuwashia injini ni hatari kwa gari lenye hita plagi. Inaweza kulipuka mapema na kupasua pistoni.

Msiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, wala msiteremshe pampu ya injini ndani ya shimo au kisima na mtu akashuka kuiangalia. Moshi una hewa ya sumu isiyoonekana, na mtu anaweza kulala asiamke. Na hata nje, msiuchezee. Mwaka 2012 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, ilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Watoto wasisimame nyuma ya gari asubuhi, hata kama wanapenda kutazama.

Tena, gari au pampu iliyozama kwenye mafuriko isijaribiwe kuwashwa. Tuliona mafuriko ya El Niño mwaka 1997 na 1998, yakaja ya 2018, na ya mwisho wa 2023. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi kama hewa. Stata ikilazimisha, chuma kinachoshika pistoni kinapinda. Kwanza fundi atoe nozeli au hita plagi, maji yatoke, oili na filta zibadilishwe.

NA PAMPU YA SHAMBA JE?

Yote tuliyosema yanafaa kwa pampu za kumwagilia na mashine za kusaga, ingawa nyingi hazina hita plagi na zinawashwa kwa mkono. Kwa hizo, tazameni zaidi filta ya hewa. Nyingine zina bakuli la oili chini ya filta, na bakuli hilo likijaa tope halifanyi kazi. Limwageni, lisafisheni, wekeni oili mpya hadi alama. Filta ya karatasi isioshwe kwa maji wala petroli. Igongwe taratibu, au ipulizwe kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, na ikichoka ibadilishwe.

Wazee wetu wanaikumbuka skimu ya Bura. Mashamba yale yalitegemea pampu kubwa za dizeli pale Nanigi kuvuta maji ya Tana. Gharama zilipopanda na pampu zikaanza kuharibika, maji yalikosekana na mimea ikakauka. Pampu ya kikundi ni ndogo, lakini somo ni lile lile. Injini ikisimama wakati mahindi yanatoa mbelewele, hakuna atakayeyangoja. Afadhali dakika tano za kutazama moshi kila asubuhi.

TURUDI KWA PIKAPU YETU

Sasa tujibu swali la mama mweka hazina. Moshi ni mweupe. Unanuka dizeli. Unakaa dakika mbili tatu, kisha unaisha. Gari linatetemeka asubuhi tu, likipata joto linakwenda vizuri. Tuseme kikundi kimepima: maji hayapungui, oili haipungui, stata inazunguka kwa nguvu, chupa ya dizeli haina maji. Tone la maji limekaa bila kukauka kwenye tawi la pili na la tatu. Balbu haikuwaka kwenye plagi ya pili na ya tatu.

Basi hapo ugonjwa wa kwanza kutibiwa ni hita plagi mbili. Bei yake haiwezi kulinganishwa na kufungua injini. Wabadilishe zote nne wakiweza, ziwe za aina ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha waandike daftari kwa siku saba nyingine. Moshi ukiisha, mbuzi wamebaki zizini. Usipoisha, wanapanda ngazi inayofuata: nozeli, kisha kipimo cha kompresheni. Na kama namba zitasema kweli silinda zimelika, basi wafungue injini kwa moyo mmoja, wakijua pesa inakwenda wapi.

Hatusemi mafundi ni watu wabaya. Wapo wengi waaminifu, wanaofanya kazi chini ya mti bila vyombo, na injini ngapi zimeokolewa na mikono yao! Lakini mali ya kikundi ni jasho la watu wengi. Matengenezo makubwa yaamuliwe na mkutano, wala si dereva na fundi peke yao. Ulizeni fundi wa pili. Ombeni risiti. Na vipuri vya zamani vilivyotolewa virudishwe kwenye kikundi, mvione kwa macho.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini pia, usibomoe ukuta wakati ni ufa tu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Injini yetu inatoa moshi wa rangi gani asubuhi, na unakaa muda gani? Ni nani aliyewahi kuhesabu?
2. Dizeli yetu tunainunua wapi, na tunaihifadhi vipi?
3. Mara ya mwisho tulipolipa fundi, nani aliamua? Vipuri vya zamani viko wapi?
4. Tumchague nani ashike daftari la moshi, na nani amsaidie?
5. Je, tumeweka akiba kidogo ya matengenezo kila mwezi, au tunangoja mpaka iharibike?

Someni makala hii kwa sauti kwenye mkutano wenu, na dereva awepo. Kama kuna asiyejua kusoma, aelezwe kwa lugha ya nyumbani. Kesho yake asubuhi amkeni mapema, nendeni mkasimame pamoja kando ya gari kabla halijawashwa, mkiwa na karatasi nyeupe mkononi.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.